Nani Akushauri Kuhusu Chakula?

Maandishi ya mhadhara kwa walaji wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera



Katika lugha ya sheria na ya ofisi zetu, mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake huitwa mlaji, hata kama alichonunua ni sabuni au bati. Leo jina hilo linakaa mahali pake hasa. Tunazungumza na mlaji kwa maana zote mbili: mtu anayekula, na mtu anayetoa fedha ili aambiwe ale nini.

Wilaya hizi mbili, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja ya Karagwe, hazijulikani kwa uhaba wa chakula. Zinajulikana kwa migomba, maharage na kahawa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, watoto 30 wamedumaa, na mkoa wa Kagera ulikuwa juu ya wastani huo. Mtoto anaweza kushiba ndizi kila siku na bado asikue inavyostahili, kwa sababu sahani yake imejaa wanga na imekosa maharage, mboga, maziwa, dagaa, yai au tunda. Kwa upande wa watu wazima, kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya figo yamewafanya wengi waulize swali ambalo babu zetu hawakuwa na haja ya kuliuliza: je, chakula nilichokulia bado kinanifaa?

Palipo na swali hapakosi mtu wa kuuza jibu. Kwenye gulio, kwenye stendi ya mabasi, redioni na kwenye simu zetu wamejitokeza watu wanaojiita washauri wa lishe, madaktari wa lishe na mabingwa wa lishe. Baadhi yao wana elimu. Wengine wana makopo ya kuuza. Mlaji anayewasikiliza hawezi kuwatenganisha kwa sauti wala kwa koti jeupe. Ndiyo maana tumekuja kueleza ni nani hasa anayeshughulika na lishe katika nchi yetu, kila mmoja amefundishwa nini, mipaka yake iko wapi, na anawajibika kwa nani.

Walio karibu na nyumba yako

Wa kwanza ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye wengi wenu mnamwita kwa kifupi WAJA. Huyu mnamfahamu kwa jina na kwa ukoo. Mafunzo yake ni ya miezi, si ya miaka, na hakufundishwa kutibu utapiamlo mkali. Alichofundishwa ni kutembelea kaya, kumhimiza mama anyonyeshe bila kumpa mtoto kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza, kueleza namna ya kuchanganya uji na chakula cha mtoto baada ya hapo, kupima, na kumpeleka mtu kituoni mapema.

Kifaa chake muhimu ni mkanda wa kupimia mzunguko wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, rangi ya kijani huanzia sentimita 12.5. Njano ni kati ya sentimita 11.5 na 12.5, nayo ni onyo. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, na maana yake ni kwamba mtoto ana utapiamlo mkali na anatakiwa kufika kituo cha afya bila kuchelewa. Mkanda huo unasema kweli kuliko macho ya jirani. Mwombeni mhudumu awapimie watoto hasa katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Wa pili ni muuguzi na tabibu wa zahanati au kituo cha afya. Lishe ni sehemu tu ya masomo yao, lakini wao ndio wenye uwezo wa kuchunguza mwili. Kuna jambo moja tunalotaka lieleweke vizuri. Mtoto akivimba miguu yote miwili, ukabonyeza kwa kidole na shimo likabaki, baadhi yetu husema amebemendwa, kisha baba na mama huanza kulaumiana. Uvimbe huo unaweza kuwa dalili ya utapiamlo mkali, hata kama mkono wa mtoto unaonekana umejaa na mkanda unasoma kijani. Dawa yake haipatikani katika ugomvi wa wazazi. Iko kituoni, ambako mtoto anayestahili hupewa chakula dawa, ile pakiti maalumu ya matibabu. Chakula dawa ni cha mgonjwa aliyeandikiwa, na si bidhaa ya kuuzwa. Ukikiona kinauzwa gulioni, usikinunue; toa taarifa.

Afisa lishe

Wa tatu ndiye mtaalamu wa lishe mwenyewe. Katika utumishi wa umma anaitwa Afisa Lishe. Huyu amesomea lishe kama taaluma yake, mathalani shahada ya lishe ya binadamu inayotolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro. Ni mwajiriwa wa halmashauri, na ofisi yake iko makao makuu ya wilaya: Kayanga kwa watu wa Karagwe, Rubwera kwa watu wa Kyerwa. Miongozo ya kitaalamu anayoifuata hutoka Wizara ya Afya na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1973.

Kazi kubwa ya afisa lishe ni lishe ya jamii nzima. Anapanga na kusimamia upimaji wa watoto, anawafundisha wahudumu wa vituo na vijiji, anafuatilia chakula cha shuleni na matumizi ya chumvi yenye madini joto, na anawashauri wananchi namna ya kutumia vyakula vinavyopatikana hapahapa. Serikali imeelekeza kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa ajili ya shughuli za lishe. Kwa hiyo ushauri wa afisa lishe si hisani na si bidhaa. Umekwisha kulipiwa kwa kodi na ushuru wenu. Mnayo haki ya kuuomba katika mkutano wa kijiji, na mnayo haki ya kuuliza fedha hizo zimefanya nini.

Mipaka yake? Afisa lishe si daktari. Haandiki dawa, habadilishi dawa, na hamwachishi mgonjwa dawa.

Mtaalamu wa lishe tiba

Wa nne ni yule anayewachanganya watu wengi zaidi: mtaalamu wa lishe tiba. Kwenye kitambulisho chake huenda ukasoma cheo kilekile cha Afisa Lishe, lakini kazi yake iko hospitalini, kando ya kitanda cha mgonjwa. Yeye hapangi chakula cha watu wote. Anapanga chakula cha mtu mmoja mwenye ugonjwa unaojulikana, akiwa na majibu ya maabara mkononi na akishirikiana na daktari anayemtibu mtu huyo.

Tofauti ya hawa wawili ina uzito gani? Tuchukue chakula cha hapa nyumbani. Afisa lishe akisimama mbele yenu atasema: kuleni ndizi pamoja na maharage na mboga za majani kwa wingi. Kwa walio wengi, hayo ni maneno sahihi kabisa. Lakini katika mkutano huohuo yumo mzee ambaye figo zake zimechoka. Ndizi, maharage na mboga za majani vina madini mengi ya potasiamu. Figo nzima huyatoa kwa mkojo yakizidi. Figo iliyochoka inaweza kushindwa, nayo yakijaa katika damu yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuyasimamisha. Sahani inayomjenga mjukuu yaweza kumdhuru babu yake. Hapo afisa lishe hakukosea. Alizungumza na jamii. Mzee yule anahitaji mtu wa kumpimia yeye peke yake kiasi gani, mara ngapi, na ndizi zipikwe vipi.

Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari. Watu humwambia aache ndizi moja kwa moja, naye hukaa na njaa katikati ya shamba lake, kisha siku moja hushindwa na kula bila kipimo. Mtaalamu wa lishe tiba kwa kawaida hakatazi ndizi. Anapanga kiasi chake, anaweka maharage na mboga kando yake, na anaangalia saa za kula zioane na dawa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa redioni.

Wataalamu wa aina hii ni wachache, na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Njia ya kuwafikia huanzia kwenye zahanati yako, kisha hospitali iliyo karibu, kama Nyakahanga au Isingiro, na ikibidi kwa barua ya rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa huko Bukoba, au Bugando jijini Mwanza. Ukipewa rufaa, uliza waziwazi: je, huko nitamwona mtu wa lishe? Mkiuliza, wahudumu hukumbuka.

Wengine wanaosaidia, na mipaka yao

Daktari ndiye anayetambua ugonjwa na kuandika dawa. Hata hivyo, neno hilo linahitaji uangalifu. Wapo wanaoitwa Dokta kwa sababu ya shahada ya uzamivu, na huenda ni ya uchumi au ya kilimo. Wapo pia waliojipa jina hilo wenyewe. Daktari wa binadamu husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayetibu bila usajili hana ruhusa ya kutibu, hata kama mazungumzo yake yanatia moyo.

Afisa ugani wa kilimo ni rafiki mkubwa wa lishe. Yeye ndiye atakayekuelekeza kupata mbegu za viazi lishe, kupanda mboga karibu na nyumba, au kufuga kuku ili mtoto apate yai. Anajua namna ya kukifikisha chakula jikoni. Kikishaingia katika mwili wa mgonjwa, hilo si somo lake, na afisa ugani mwaminifu atakuambia hivyo.

Tabibu wa tiba asili naye anatambuliwa na sheria. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo husajili matabibu na dawa zao. Kwa hiyo ni haki yako kumwomba akuonyeshe usajili wake, nawe humvunjii heshima kwa kufanya hivyo. Ukitumia dawa zake, mwambie pia tabibu wa hospitali, kwa sababu dawa mbili zinaweza kugombana ndani ya mwili mmoja.

Anayeuza makopo

Tumefika kwa muuzaji wa virutubisho. Biashara yake si haramu kwa yenyewe. Wapo wagonjwa wanaoandikiwa vidonge vya madini chuma au vitamini, na wajawazito hupewa kliniki. Hatari huanza pale muuzaji anapovaa jina la mshauri. Anakupima kwa kifaa kinachowaka taa, anakusomea orodha ya maradhi, kisha tiba ya yote hayo inakuwa ileile iliyomo katika mkoba wake. Mshauri ambaye kila jibu lake ni kopo hajakushauri, amekuuzia.

Ninyi mnaijua butura: mwenye shida anauza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, na mwingine anasubiri mavuno. Anayeingia katika butura ili anunue unga wa kopo amepata hasara mara mbili. Ameuza kahawa yake kwa hasara, na amenunua kwa bei kubwa kirutubisho ambacho mara nyingi kipo katika maharage, dagaa na mboga za shambani kwake.

Hata hivyo, fedha si hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa ni pale muuzaji anapomwambia mgonjwa aache dawa za hospitali ili ‘lishe ifanye kazi’. Mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiacha sindano, anaweza kufa katika muda wa siku chache. Anayeacha dawa za shinikizo la damu anaweza asihisi lolote hadi siku ya kiharusi. Anayeacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huvipa virusi nafasi ya kuongezeka tena. Hakuna mtaalamu wa lishe wa kweli anayetoa agizo la namna hiyo. Ukilisikia, usiendelee kujadiliana naye bei. Umekwisha kujua ni nani aliye mbele yako.

Jambo jingine ni alama zilizo kwenye kopo. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, inahusu viwango vya bidhaa. Haisemi kwamba bidhaa hiyo inaponya kisukari. Dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Muuzaji akidai kwamba bidhaa yake ni chakula tu, kisha akadai kwamba inatibu maradhi, mwulize inakuwaje chakula anapoulizwa usajili wa dawa, na inakuwa dawa anapotaja bei.

Jina si cheti

Nchi hutofautiana katika kulinda majina haya. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2007 iliunda chombo cha kusajili wataalamu wa lishe na kuwapa leseni. Uingereza jina la mtaalamu wa lishe tiba linalindwa na sheria, na anayelitumia bila kusajiliwa anatenda kosa. Lakini jina la mtaalamu wa lishe wa kawaida halilindwi kwa namna hiyo, na watu wa huko nao hulazimika kuwa macho. Kwetu, maneno kama ‘mshauri wa lishe’ au ‘bingwa wa lishe’ si cheo cha serikali wala shahada ya chuo. Mtu anaweza kuyaandika kwenye bango asubuhi na kuanza kazi mchana. Kwa hiyo usiridhike na jina. Tafuta kilicho nyuma yake.

Mkulima wa kahawa hapeleki gunia lake kwenye mizani asiyoijua. Hutazama kama ina muhuri wa Wakala wa Vipimo, na husimama karibu inapopima. Tunaomba uangalifu huohuo anapokuja mtu wa kupima afya yako. Muulize maswali manne.

La kwanza: umesomea nini, wapi, na kwa muda gani? Aliyesoma hujibu kwa ufupi, bila kukasirika.

La pili: unawajibika kwa nani? Mhudumu wa kijiji ana msimamizi zahanati, muuguzi ana mganga mfawidhi, afisa lishe ana mkurugenzi wa halmashauri. Mtu asiye na wa kumwajibisha leo, kesho hutampata.

La tatu: je, unauza hicho unachonishauri nitumie? Kama jibu ni ndiyo, rudi nyumbani kwanza, ukapate ushauri wa pili kwa asiyeuza.

La nne: ushauri wako unahusiana vipi na ugonjwa wangu na dawa zangu? Asiyekuuliza unaumwa nini na unatumia dawa gani hawezi kujua chakula gani kitakudhuru.

Kuuliza si ujinga, wala si kukosa adabu. Tunajua kwamba hapa kwetu si rahisi kumhoji mgeni aliyevaa vizuri na kuzungumza kwa upole, hasa kwa mama aliye peke yake na mtoto mgonjwa mgongoni. Nenda basi na mwenzako. Mwambie muuzaji kwamba utarudi. Bei ya ‘leo tu’ ipo kwa ajili ya kukunyima usiku mmoja wa kufikiri.

Ukidanganywa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Lakini malalamiko yasiyo na ushahidi huwa mazito kuyabeba. Dai risiti. Tunza kopo na karatasi yake, hata vikiwa tupu. Andika tarehe, mahali, jina alilojitambulisha nalo na namba ya simu uliyolipia. Kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kwa mganga mfawidhi wa kituo chako, ambao wanaweza kuifikisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na mamlaka nyingine. Kama mtu amedhurika, mpeleke kwanza hospitali pamoja na kopo lenyewe, ili tabibu ajue kilichomezwa, taarifa itafuata.

Usinyamaze kwa aibu. Aliyekudanganya wewe Jumatano atakuwa kwenye gulio jingine Jumamosi, akiwa na maneno yaleyale.

Ndugu zetu, hatukuja kuwaambia kwamba kila mwenye kopo ni tapeli, wala kwamba kila mwenye cheti ana majibu yote. Tumekuja kuwaomba mpeleke kila swali kwa mtu wake. Swali la uji wa mtoto, mpelekee mhudumu wa kijiji. Mtoto aliyekonda au kuvimba, mpeleke kituoni leo hii. Swali la chakula cha shule na cha kijiji, mpelekee afisa lishe. Chakula cha mgonjwa wa figo au kisukari, omba rufaa kwa mtaalamu wa lishe tiba. Na dawa ulizoandikiwa, usiziache mpaka aliyeziandika, au tabibu mwenzake, akuambie.

 Sasa tunakaribisha maswali yenu.